Kupima kujifunza bila kujijua: jaribio la vitufe vinne, hatua kwa hatua

Muulize mtu anayetuma pesa kwa simu kila siku: ukishapiga *150*00#, unabonyeza namba gani na gani mpaka ufike kwenye kununua umeme? Wengi hunyamaza kwanza. Kisha utaona kidole gumba kinacheza hewani kana kwamba simu iko mkononi, na jibu linatoka kidoleni kabla ya kufika mdomoni. Mtu huyo hakuwahi kukaa chini akariri zile namba. Amezirudia tu siku baada ya siku, mpaka mkono ukazijua.

Elimu hii ya mkono, inayoingia bila mtu kukusudia na ambayo aghalabu hawezi kuieleza, ndiyo inayoitwa kujifunza bila kujijua. Mwanasaikolojia Arthur Reber aliandika juu yake mwaka 1967, akitumia misururu ya herufi iliyopangwa kwa kanuni ya siri. Lakini kipimo kilichoenea zaidi leo ni kile cha Mary Jo Nissen na Peter Bullemer, kilichochapishwa mwaka 1987. Mshiriki anakaa mbele ya skrini yenye sehemu nne. Alama inatokea katika sehemu moja, naye anabonyeza kitufe cha sehemu hiyo haraka awezavyo. Alama inatoweka, inatokea kwingine. Asichoambiwa ni kwamba alama zinafuata mfuatano mmoja unaojirudia. Katika utafiti wao, waliofuata mfuatano waliongeza kasi kuliko waliopewa alama za nasibu, na hata wagonjwa wa Korsakoff, ambao kumbukumbu zao za matukio zimeharibika vibaya, walijifunza ingawa hawakuweza kusema walichojifunza.

Jaribio hili linaweza kufanyika kwa kompyuta mpakato moja na chumba tulivu, na ndiyo maana nawashawishi wanafunzi wa uzamili walichukue. Halihitaji mashine ya kupiga picha za ubongo. Linahitaji umakini katika kupanga, kwa sababu makosa yake hayapigi kelele. Unaweza kukusanya data ya watu arobaini, ukapata mchoro unaopendeza, na usiwe umepima kitu chochote.

Hatua ya kwanza: jua unatoa nini kwenye nini

Mpe mtu yeyote vitufe vinne na alama za kufuata, atakuwa na kasi zaidi dakika ya kumi kuliko dakika ya kwanza, hata kama alama hazina mpangilio wowote. Vidole vinazoea vitufe, macho yanazoea skrini, woga unapungua. Kwa hiyo mchoro unaoshuka kutoka raundi ya kwanza hadi ya sita hauthibitishi kwamba kuna mfuatano uliojifunzwa. Katika rasimu nyingi ninazopewa kusoma, mchoro huo ndio unaowekwa mbele kama ushahidi mkuu. Hauwezi kubeba mzigo huo.

Ushahidi unapatikana pale unapoondoa mfuatano ghafla bila kumwambia mshiriki. Kama vidole vilikuwa vimeanza kuitangulia alama, vitajikwaa, na muda wa mwitikio, yaani tangu alama itokee mpaka kitufe kibonyezwe, utapanda. Ukirudisha mfuatano wa awali, muda utashuka tena. Kiasi cha kupanda kule, ukilinganisha na raundi zinazopakana, ndicho kipimo chako. Kila uamuzi mwingine katika mwongozo huu unalinda tofauti hiyo moja.

Hatua ya pili: chagua mfuatano kwa karatasi na kalamu

Hapa ndipo ningeomba utumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Zipe sehemu nne za skrini namba 1 hadi 4 kutoka kushoto kwenda kulia. Mfuatano wa Nissen na Bullemer ulikuwa huu:

4-2-3-1-3-2-4-3-2-1

Hesabu. Namba 2 imetokea mara tatu, 3 mara tatu, 1 mara mbili, 4 mara mbili. Maana yake mshiriki anayeweka tu vidole vya 2 na 3 tayari zaidi ya vingine atapata kasi bila kujua lolote kuhusu mpangilio. Sasa andika jozi zote, ukikumbuka kwamba mwisho unaungana na mwanzo: 4-2, 2-3, 3-1, 1-3, 3-2, 2-4, 4-3, 3-2, 2-1, 1-4. Baada ya 1 haiji 2 kamwe. Baada ya 3 haiji 4 kamwe. Anayejifunza kwamba baada ya 3 mara nyingi huja 2 ameshapata faida kubwa, na hajajifunza mfuatano, amejifunza jozi. Ukilinganisha mfuatano huu na raundi ya nasibu, tofauti utakayopata imechanganya mambo matatu: wingi wa namba, jozi, na mpangilio wenyewe. Waanzilishi walikuwa wanafungua njia, hatuwalaumu. Sisi tunaokuja nyuma hatuna sababu ya kurudia.

Mwaka 1994 Jonathan Reed na Peder Johnson walitumia mifuatano ya hatua kumi na mbili inayofunga milango hiyo. Nayo ni hii miwili, ambayo nitaiita A na B:

A: 1-2-1-3-4-2-3-1-4-3-2-4

B: 1-2-3-4-1-3-2-1-4-2-4-3

Chukua kalamu uandike jozi za A: 1-2, 2-1, 1-3, 3-4, 4-2, 2-3, 3-1, 1-4, 4-3, 3-2, 2-4, 4-1. Kila jozi inayowezekana imetokea mara moja tu, na kila namba imetokea mara tatu. Fanya vivyo hivyo kwa B, utapata jozi zilezile kumi na mbili kwa mpangilio tofauti. Kwa hiyo ukiona 1 peke yake hujui kinachofuata: inaweza kuwa 2, 3 au 4, kwa nafasi sawa. Ukiona 1 ikifuatwa na 2, hapo jibu linabaki moja. Katika A ni 1. Katika B ni 3. Mtu hawezi kutabiri chochote bila kushika hatua mbili zilizopita, na A na B zinatofautiana katika jambo hilo tu.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulipita. Watu huchelewa kurudi mahali walipotoka sasa hivi, kama katika 1-2-1. Katika A kuna kurudi kwa namna hiyo mara moja (1-2-1), na katika B mara moja pia (4-2-4). Lakini kompyuta ikikutengenezea raundi ya nasibu isiyo na marudio ya papo hapo, takriban theluthi moja ya hatua zitakuwa za kurudi. Raundi hiyo itakuwa ya polepole hata kwa mtu ambaye hakujifunza lolote, na wewe utashangilia. Ndiyo maana nakushauri usitumie nasibu kama mlinganisho: wafundishe kwa A, kisha wajaribu kwa B.

Hatua ya tatu: panga raundi

Mpango ninaouamini ni huu. Raundi fupi ya mazoezi yenye mipigo 48 ya nasibu (mpigo mmoja ni alama moja na jibu lake), ili vidole vijue vitufe vyao. Kisha raundi nane, kila moja mipigo 96, yaani mfuatano ukizunguka mara nane. Raundi ya 1 hadi ya 6 ni A. Raundi ya 7 ni B, kimyakimya. Raundi ya 8 inarudi A. Nusu ya washiriki wafanye kinyume: wajifunze B, wajaribiwe kwa A. Bila kugeuza hivyo, mtu anaweza kusema B ni mgumu tu kwa vidole, na hutakuwa na la kumjibu.

Ukichukulia mwitikio wa milisekunde 450 na mwanya wa milisekunde 250 kati ya jibu na alama inayofuata, raundi moja inamalizika kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Raundi nane ni kama dakika tisa za kubonyeza. Ongeza mapumziko ya nusu dakika kati ya raundi, maelezo, na kipimo cha mwisho cha ufahamu, utamhitaji mshiriki kwa dakika arobaini hivi.

Mwanya ule kati ya jibu na alama inayofuata si jambo la kuchagua kwa mazoea. Nissen na Bullemer walitumia milisekunde 500. Arnaud Destrebecqz na Axel Cleeremans, mwaka 2001, walilinganisha mwanya wa 250 na kutokuwa na mwanya kabisa, kwa hoja kwamba pumziko dogo linampa mtu nafasi ya kuwaza kinachokuja, na kwa hiyo kuutambua mfuatano. Kama swali lako linahusu kutojijua, mwanya mfupi ni rafiki yako. Kama washiriki wako ni watoto au wazee, kukosa mwanya kabisa kunawachosha haraka.

Kila raundi ianzie mahali tofauti ndani ya mfuatano. Hili nilijifunza kwa gharama. Kundi la kwanza nililowahi kulipima lilikuwa linaanza kila raundi na 1-2-1-3, na kufikia mapumziko ya tatu kijana mmoja aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba ameshaona "inaanzaga kushoto, inaruka, inarudi". Alikuwa sahihi. Siku ile nilifunga kompyuta na kuanza upya na kundi jingine.

Hatua ya nne: kompyuta na vitufe

Programu za bure zinatosha. PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na OpenSesame zote zinakuruhusu kuujenga mtihani huu bila kuandika msimbo mwingi. jsPsych inafaa ukitaka washiriki wafanye kwenye kivinjari. Kama mtandao wenu unakatika mara kwa mara, fanyeni kwenye kompyuta isiyohitaji intaneti wakati wa kupima.

Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Alama haiwezi kutokea kati ya michoro miwili. Kibodi nayo ina ucheleweshaji wake. Habari njema ni kwamba ucheleweshaji usiobadilika haukuumizi, kwa sababu uko kwenye raundi ya 7 na ya 8 vilevile, na ukitoa unajifuta. Unaoumiza ni ule unaopanda na kushuka. Kwa hiyo funga programu nyingine zote, zima masasisho, chomeka chaja au hakikisha hali ya kubana umeme imezimwa, na usiwapime washiriki nusu kwenye kompyuta moja na nusu kwenye nyingine kwa namna inayofuatana na makundi yako. Ukiwa na kundi la wagonjwa na kundi la wazima, kompyuta iwe ileile.

Simu ya kugusa siipendekezi kwa mtihani huu. Kidole kinasafiri juu ya kioo, na umbali wa kusafiri hautegemei kujifunza. Tumia kibodi, na vidole vinne visiondoke vitufeni. Mimi hutumia D, F, J na K: kidole cha kati na cha shahada cha kila mkono. F na J zina kijinundu kidogo kwenye kibodi karibu zote, hivyo mshiriki akipoteza mahali anarudi kwa kupapasa, bila kuinamisha macho. Bandika karatasi nyeupe juu ya herufi nne hizo ili asianze kuzisoma kama neno.

Mshiriki asiyezoea kibodi ni suala halisi kwetu. Mwanafunzi wa chuo atamaliza mazoezi ya mipigo 48 na kuwa tayari. Mama wa sokoni ambaye hajawahi kuandika kwa kompyuta bado atakuwa anatafuta kidole kipi ni cha kitufe kipi hata katika raundi ya pili, na kujifunza kwake mfuatano kutafunikwa. Usimwondoe kwenye utafiti. Weka kigezo badala ya idadi: mazoezi yaendelee mpaka apate angalau mipigo 43 sahihi kati ya 48, ndipo raundi ya 1 ianze.

Hatua ya tano: maneno unayomwambia

Andika maelezo, kisha yasome kama mtu anayetafuta fununu. Neno "mfuatano", "mpangilio" au "kumbukumbu" likionekana popote, hata kwenye tangazo la kutafuta washiriki, umeshawatuma watafute. Mimi husema hivi: "Skrini ina visanduku vinne. Nyota ikitokea katika kisanduku, bonyeza kitufe chake haraka uwezavyo bila kukosea. Weka vidole vyako juu ya vitufe muda wote. Tunapima kasi ya mikono na macho." Kila neno hapo ni kweli, ila si ukweli wote, na hilo lazima liwe wazi kwenye maombi yako ya kibali cha maadili. Ukiwa Kenya, utahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania, utafiti unaogusa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Eleza kwenye maombi nini kinafichwa, kwa nini, na lini mshiriki ataambiwa.

Kwenye mapumziko, mwonyeshe asilimia ya majibu sahihi na kasi yake. Akiwa chini ya asilimia 90 mwambie apunguze mbio. Akiwa na asilimia 100 kila mara, mhimize aongeze. Mtu anayebonyeza kwa uangalifu kupita kiasi anasubiri alama ndipo aamue, na vidole vyake havipati nafasi ya kutangulia.

Hatua ya sita: safisha na ukokotoe

Hifadhi faili ghafi yenye mstari mmoja kwa kila mpigo: namba ya mshiriki, raundi, nafasi ndani ya raundi, alama ilipotokea, kitufe kilichobonyezwa, muda. Usiifute wala kuihariri. Fanya kazi kwenye nakala.

Ondoa mipigo miwili ya kwanza ya kila raundi. Sababu imo ndani ya mifuatano yenyewe: bila hatua mbili za nyuma hakuna utabiri unaowezekana. Ondoa mipigo yenye makosa, na ule mpigo mmoja unaofuata kosa, kwa maana mtu akikosea husita. Kwa muda unaobaki, chukua mediani ya kila raundi, yaani thamani ya katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Wastani wa kawaida unavurugwa na mpigo mmoja wa sekunde mbili alipokohoa, mediani haijali.

Tuseme kijana mmoja amepata mediani ya 480 katika raundi ya 1, 390 katika ya 6, 430 katika ya 7 na 388 katika ya 8. Kutoka 480 hadi 390 ni milisekunde 90, na hizo uziache. Wastani wa raundi ya 6 na ya 8 ni 389. Toa 389 kwenye 430, unabaki na 41. Hicho ndicho alichojifunza kuhusu mfuatano.

Sasa tuseme mzee mmoja amepata 610, 655 na 606 katika raundi hizo tatu za mwisho. Wastani wa pembeni ni 608, tofauti ni 47. Amejifunza kuliko kijana? Kwa milisekunde, ndiyo. Lakini ukigawa kwa kasi yake ya kawaida, mzee amepata asilimia 7.7 na kijana asilimia 10.5. Jibu limegeuka. Mtu wa polepole hupanda na kushuka kwa hatua kubwa katika kila kitu. Jambo hili lina uzito sana katika utafiti wa wagonjwa wa Parkinson, ambao mikono yao ni mizito kabla hata ya kufika kwenye suala la kujifunza. Toa taarifa ya vipimo vyote viwili, na amua kabla ya kukusanya data kipi ndicho cha msingi. Ukisubiri kuona data kwanza, moyo utachagua kinachopendeza.

Usisahau makosa. Wako watu ambao raundi ya 7 haiwapunguzii kasi hata kidogo, ila makosa yao yanapanda ghafla, na ukiyatazama utakuta wamebonyeza kile hasa ambacho mfuatano wa zamani ulidai. Alama imetokea 3 baada ya 1-2, wao wamebonyeza 1. Vidole vimewasaliti. Kwa mtu kama huyo jedwali la muda linasema hakujifunza, na jedwali la makosa linasema amejifunza barabara. Kwa hiyo hesabu makosa ya aina hiyo peke yake, tofauti na makosa mengine.

Hatua ya saba: je, kweli hawakujua?

Mpaka hapa umepima kujifunza. Hujapima kutojijua, na bila hatua hii usiandike maneno hayo kwenye kichwa cha tasnifu.

Anza na swali la wazi: "Uliona jambo lolote kuhusu namna nyota zilivyokuwa zinatokea?" Andika jibu kama lilivyo. Lakini usiishie hapo. David Shanks na Mark St. John walionyesha mwaka 1994 kwamba swali la mdomo ni kipimo butu: mtu anaweza kuwa na vipande vya ujuzi na asiseme kwa kukosa uhakika, au kwa kudhani havina maana. Na mshiriki wetu mwenye adabu mara nyingi atasema "sikuona kitu" ili asionekane anajidai.

Baada ya swali, mweleze kwamba nyota zilifuata mfuatano, kisha mpe kazi mbili. Katika ya kwanza anabonyeza vitufe mara 96 akijaribu kuutoa ule mfuatano kadiri anavyoweza, akibahatisha pale asipojua. Katika ya pili anabonyeza mara 96 akijitahidi kuukwepa. Katika zote mbili asirudie kitufe kilekile mara mbili mfululizo. Ndiyo njia waliyoitumia Destrebecqz na Cleeremans, wakifuata wazo la Larry Jacoby la kuachanisha kinachodhibitiwa na kisichodhibitiwa. Mwenye ujuzi wa wazi ataweza yote mawili. Ambaye ujuzi uko vidoleni tu atautoa mfuatano hata alipoambiwa aukwepe, kwa sababu hajui anakwepa nini.

Kupata alama zake, tembea juu ya mipigo yake ukichukua hatua tatu-tatu: ya 1 hadi 3, ya 2 hadi 4, na kuendelea. Hesabu ngapi zimo kwenye A na ngapi zimo kwenye B. Wakati marudio yamekatazwa, kubahatisha kungempa theluthi moja. Lakini usilinganishe na theluthi. Watu wanapenda kufagia kutoka 1 hadi 4 na kurudi, na hawapendi kurudi walipotoka, hivyo "bahati" yao haiko sawa. Linganisha mfuatano aliojifunza na ule mwingine ambao aliuona kwa raundi moja tu.

Matokeo ya hatua hii yana mabishano. Mwaka 2001 waliojifunza bila mwanya walishindwa kuukwepa mfuatano. Leonora Wilkinson na David Shanks waliporudia mwaka 2004 hawakupata hivyo. Miguel Vadillo na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba tafiti nyingi za kujifunza bila kujijua zina washiriki wachache mno, kiasi kwamba ufahamu mdogo uliopo hauonekani kwenye takwimu na mwandishi anatangaza kuwa haupo. Ukiwa na watu ishirini na jaribio lako la takwimu likakosa kuona ufahamu, umekosa kuona; hujathibitisha kutokuwapo.

Na nakusihi usifanye jambo hili: kuwachuja waliopata alama ndogo kwenye kipimo cha ufahamu, kisha kuonyesha kwamba hao nao walijifunza. Kipimo kina makosa yake, na ukichagua wa chini kabisa, baadhi yao wako chini kwa bahati mbaya ya siku ile. Ujuzi wao ukipimwa tena utapanda.

Ukitaka kulinganisha mtu na mtu

Wengi wanakuja na swali la aina hii: je, watoto wanaojifunza mfuatano vizuri ndio wanaosoma vizuri? Swali zuri, ila jaribio hili linayumba hapo. Kwa kundi zima, tofauti ya raundi ya 7 hutokea karibu kila mara. Kwa mtu mmoja mmoja, anayeongoza leo si lazima aongoze wiki ijayo. Unatoa namba moja yenye kelele kwenye nyingine yenye kelele, na kinachobaki kina kelele za zote mbili. Craig Hedge na wenzake walieleza mwaka 2018 kwamba majaribio yenye matokeo thabiti kwa kundi mara nyingi ndiyo dhaifu katika kupanga watu, kwa sababu watu wote wanafanana mno.

Kabla ya kuhusisha alama zako na chochote, zigawe: kokotoa kujifunza kwa mizunguko ya witiri ya mfuatano, kisha kwa mizunguko ya shufwa, uone kama washiriki wanapangika sawasawa. Wasipopangika, hakuna uhusiano na usomaji utakaoweza kuuamini, uwe mkubwa au mdogo. Tiba ni kuongeza mipigo, siku mbili badala ya moja, au kuhamia kwenye toleo la James na Darlene Howard la mwaka 1997, ambamo hatua za mfuatano zinapishana na hatua za nasibu: moja ya mpango, moja ya bahati. Humo kila raundi ina mlinganisho wake ndani, kwa hiyo unapata kipimo tangu mwanzo hadi mwisho badala ya kutegemea raundi moja ya 7, na ni vigumu sana kwa mtu kuugundua mfuatano.

Kabla hajaondoka

Mshiriki akimaliza, mweleze kila kitu kilichofichwa, na mwachie nafasi ya kuiondoa data yake akitaka. Kisha mwonyeshe mchoro wake mwenyewe, pale raundi ya 7 ilipopanda. Mama mmoja mshonaji aliutazama mchoro wake kwa muda, akaweka vidole juu ya vitufe tena bila kuombwa, akaanza kubonyeza taratibu, macho ameyafumba. Nilihesabu hatua tisa za A kabla hajapotea. Alikuwa ameniambia dakika tano zilizopita kwamba hakuona mpangilio wowote. Niliandika hayo pembeni ya karatasi yake, na tangu hapo fomu yangu ina mstari mtupu baada ya swali la mwisho, kwa ajili ya kile mshiriki anachofanya ukishamwambia tumemaliza.